Viwiko Vinne Mbele ya Kioo Kimoja: Kupanga Ubao wa Kabati la Gemu la Watu Wawili

Vyumba vya gemu katika senta zetu, iwe Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Isingiro, vinafanana sana: televisheni ukutani, PlayStation chini yake, benchi, na pedi mbili ambazo nyaya zake zimekwisha kuzungushiwa selotepu. Pedi ndiyo hufa kwanza. Vishale vinalegea, waya unakatika shingoni, na mwenye chumba anarudi dukani. Kwa kijana mwenye mkono wa ufundi, wazo la kujenga kabati la gemu ni zuri. Ni sanduku la mbao lenye kioo usawa wa uso, na chini ya kioo ubao uliolala wenye joistiki na vitufe, wachezaji wawili wakisimama bega kwa bega. Vitufe vya kabati hutengenezwa vipigwe kwa nguvu na watu wasiovionea huruma, na kimoja kikifa unakibadilisha peke yake bila kugusa vingine.

Seremala yeyote wa Kayanga anayejua kutengeneza kabati la vyombo atalimudu sanduku. Kinachowashinda wengi ni ule ubao. Mtu humaliza nguvu kwenye rangi, taa na spika, kisha ubao anaukata kulingana na nafasi iliyobaki, na wachezaji wanatafuta pa kuingiza viwiko. Ushauri wangu ni kugeuza mpangilio: anza na miili ya watu wawili, ubao utokane nayo, na sanduku liufuate ubao.

Waite watu wawili wa kimo cha wateja wako wa kawaida, wasimame ubavu kwa ubavu mbele ya meza, mikono ikiwa mbele yao, viwiko vimelegea. Pima tangu nje ya kiwiko hadi nje ya kiwiko. Mtu mzima akisimama hivyo huchukua sentimita 45 hadi 50. Sasa angalia mikono ilivyo kwenye ubao: kila mmoja anashika joistiki kwa kushoto na kupiga vitufe kwa kulia. Kwa hiyo mkono wa kulia wa mchezaji wa kwanza na mkono wa kushoto wa mchezaji wa pili inakutana katikati. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Wengi hupima toka joistiki hadi joistiki wakaridhika. Wewe pima toka kitufe cha mwisho cha mchezaji wa kwanza hadi joistiki ya mchezaji wa pili, na usikubali chini ya sentimita 30.

Kwa mpango wa vitufe sita kila upande, ubao wenye upana wa sentimita 90 unatosha vizuri. Joistiki ya kwanza ikae sentimita 12 kutoka ukingo wa kushoto, ya pili sentimita 52 kutoka ile ya kwanza. Vitufe vya kila mmoja vitachukua takriban sentimita 17 kuanzia kwenye joistiki yake, na upande wa kulia utabaki na sentimita 9 hivi za kupumzishia mkono. Ukibana hadi sentimita 75 utalazimika kushuka kwenye vitufe vinne, na bado wanaume wawili wenye mabega mapana watasukumana. Ubao unaweza kuwa mpana kuliko kabati lenyewe. Kabati la sentimita 65 likiwa na ubao wa 90 uliotokeza pande zote mbili si kosa. Ila ufungwe kwa bolti, si kwa gundi na misumari, maana siku ya kuhamisha chumba utataka kuutoa ndipo kabati lipite mlangoni.

Kimo kinahitaji uamuzi. Kumbi za michezo za Japani zilizoea wachezaji waliokaa, za Marekani waliosimama, na kila mpango una faida yake. Chumba kidogo chenye watu wengi wanaongoja zamu kinafaa kusimama, kwa sababu aliyeshindwa huondoka haraka. Kwa watu wazima, uso wa ubao uwe sentimita 92 hadi 95 kutoka sakafuni. Kanuni ni hii: mchezaji asimame wima, akunje kiwiko, kisha ubao ushuke sentimita 8 hadi 12 chini ya kiwiko hicho. Ukiwa juu zaidi, mabega hupanda na shingo huuma kabla mchezo haujanoga. Mtoto wa darasa la sita hatafikia vizuri, naye mwekee jukwaa dogo la mbao la kusimamia lenye kimo cha sentimita 12 au 15. Liwe pana, lisiyumbe, na yawepo mawili, kila upande lake, ili watoto wawili wanaocheza pamoja wawe sawa.

Ukichagua kukaa, benchi la sentimita 45 linakwenda na ubao wenye uso wa sentimita 68 hadi 70, na chini yake ibaki nafasi ya sentimita 60 kwa ajili ya magoti. Hapo kisanduku kinachobeba nyaya kisizidi unene wa sentimita 8 au 9. Mimi binafsi napendelea kukaa kwa kabati la nyumbani na kusimama kwa kabati la biashara.

Ubao uinamishwe kidogo sana kumwelekea mchezaji, digrii 5 hadi 7. Ukizidisha, kifundo cha mkono hukunjika kwenda nyuma, na saa moja ya mchezo inaacha maumivu. Ukingo wa mbele usiuache na kona kali ya msumeno. Mchezaji hulaza kifundo chake hapo muda wote, na ukali wa mbao unakandamiza mishipa ya mkono mpaka vidole vife ganzi. Piga randa, kisha msasa, mpaka kona iwe mviringo unaopitisha kiganja bila kukwama. Kati ya ukingo huo na safu ya chini ya vitufe acha sentimita 10 tupu, kiganja kipate pa kulala. Hatua hizi mbili hazina gharama, nazo hutofautisha kabati la kuchezea dakika tano na lile mtu asilotaka kuondoka.

Sasa idadi ya vitufe, ambapo tamaa huponza wengi. Pac-Man ya mwaka 1980 haina kitufe cha kuchezea, ni joistiki peke yake. Mashine za Neo Geo, zilizotoka 1990 na kuleta Metal Slug na The King of Fighters, hutumia vinne. Mortal Kombat ya 1992 ilikuwa na vitano, cha kujikinga kikiwa katikati ya vinne vya kupigia. Street Fighter II ya 1991 inataka sita: vitatu vya juu vya ngumi, vitatu vya chini vya mateke, kutoka pigo jepesi hadi zito. Tekken, iliyoanza 1994, ina vinne, kila kimoja kiungo chake: mkono wa kushoto, wa kulia, mguu wa kushoto, wa kulia. Kwa hiyo sita vinabeba karibu kila mchezo wa watu wawili wa makabati ya zamani. Cha saba na cha nane havina kazi ila kumchanganya mgeni.

Na mpira? Swali hili litakuja siku ya kwanza, kwa sababu wateja wengi wa vyumba vya gemu huja kwa mpira. Nasema wazi: magemu ya mpira ya PlayStation yametungwa kwa pedi yenye vijiti viwili na vitufe vya begani, na ukiyalazimisha kwenye joistiki utawaudhi wachezaji. Toboa matundu mawili ya USB mbele ya kabati, chini ya ubao, wenye kutaka mpira wachomeke pedi zao. Ubao ubaki wa ngumi, risasi na mbio za kushirikiana.

Kupanga vitufe sita kusifanyike kwa rula pekee. Vidole havina urefu mmoja. Cha kati kimezidi, cha shahada na cha pete viko nyuma yake. Ukiweka vitufe kwenye mstari ulionyooka, kiganja kinalazimika kupinda. Chukua kipande cha boksi gumu, lile la televisheni au la biskuti, kikate kwa kipimo kamili cha ubao. Mwambie mtu afumbe macho, aweke mkono wa kulia juu yake akiwa amesimama anapopaswa kusimama, vidole vikiwa nusu kukunjwa. Weka alama ncha za vidole vitatu. Utaona safu ya kwanza, ya kidole cha shahada, inashuka kama sentimita 1 chini ya safu ya pili. Fuata mchoro huo. Kati ya kitovu cha kitufe na kitovu cha jirani yake acha milimita 36 ikiwa vitufe ni vya kipenyo cha milimita 30. Toka kitovu cha joistiki hadi kitufe cha kwanza acha sentimita 10 au 11, mikono isigusane.

Rudia kwa watu kadhaa, mwanamke, kijana na mtu mwenye mikono mikubwa, kisha chukua wastani wao. Mpango utakaoupata, hamishia upande wa pili vilevile, usiugeuze. Nimeona watu wakifikiri ubao utapendeza zaidi joistiki ya mchezaji wa pili ikikaa kulia, pande mbili zikitazamana. Unapendeza machoni, lakini mchezaji aliyezoea upande mmoja akihamia wa pili anakuwa mgeni. Pande zote mbili ziwe na kipimo kimoja, joistiki za aina moja, vitufe vya aina moja na vya umri mmoja. Ukinunua kitufe kipya cha upande huu, mwenzake aliyechoka wa upande ule naye abadilishwe. Anayeshindwa asipate sababu ya kusingizia ubao.

Joistiki zote mbili zitazame kioo moja kwa moja. Usizungushe hata moja eti imwelekee mchezaji wake, kwani akisukuma juu mtu wake ataenda pembeni. Vitufe vya kuanzia mchezo, vyenye kipenyo cha milimita 24, viweke juu kabisa, mbali na mikono, na kile cha kutoka kwenye mchezo kiweke ubavuni mwa kabati au kizame ndani ya tundu. Kikiwa karibu, kuna siku kitaguswa mtu akiwa amebakiza pigo moja la ushindi.

Boksi likishakubalika, chomeka humo vitufe vyenyewe, lilaze juu ya meza yenye kimo ulichochagua, na mchezee hapo hata kama nyaya zinaning'inia. Kubadilisha boksi ni kazi ya kisu na dakika chache. Kubadilisha mbao ni kununua mbao nyingine.

Kwa mbao zenyewe, kwetu grivelia na paina hazikosekani, na musizi hupatikana, lakini kwa uso wa ubao nashauri plaiwudi ya milimita 12 au 15. Mbao ya kipande kimoja hucheza kati ya mvua za vuli na kiangazi, na ikipinda, joistiki nayo inainama. MDF hukatika vizuri na kupendeza, ila maji yakiingia ukingoni inavimba na hairudi. Na vimiminika vitamwagika: soda, chai, wakati mwingine rubisi. Novemba na Desemba, msimu wa senene, mikono itakuja na mafuta. Bandika fomika juu, au karatasi ngumu ya plastiki ya milimita 3, uso upanguswe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo.

Kuna jambo moja ambalo picha za makabati hazikuonyeshi. Joistiki hufungwa kwa chini, na fimbo yake imepimwa kwa bati jembamba la chuma. Ukiifunga chini ya plaiwudi ya milimita 15, milimita hizo 15 zinameza fimbo, na kile kichwa cha duara chenye kipenyo cha milimita 35 kinabaki kimekaribia kugusa ubao. Mchezaji anakuwa anashika kitu kifupi kisichomtii. Ziko njia mbili. Ya kwanza, seremala achimbe kutoka chini mpaka mbao ibaki na unene wa milimita 5 mahali joistiki inapokaa. Ya pili, ambayo ni bora kwa kabati la biashara, ni kwenda kwa fundi wa mageti, nao wapo karibu kila senta, akukatie bati la milimita 2 lifunike uso wote, na mbao iwe fremu ya chini tu. Bati halichoki na skrubu hazilegei. Ukitumia bati, kingo zake zipigwe tupa mpaka zisikate, na liunganishwe na waya wa ardhi wa umeme wa nyumba. Usiliache bila waya huo, maana juu yake italala mikono ya watoto.

Uchaguzi huu unaamua pia vitufe utakavyonunua. Vitufe vya Kijapani vya kubana, kama vya Sanwa, vinashika kwenye bati jembamba. Kwenye mbao nene havishiki. Kwa mbao nunua vyenye mkono mrefu na nati ya kukazia kwa chini. Vitufe vya Kimarekani vya mtindo wa Happ vinataka tundu la milimita 28 au 29, vya Kijapani vikubwa la 30. Tundu litobolewe kwa drili yenye meno ya mduara, ile mafundi wanayotobolea matundu ya vitasa vya milango, na uanze upande wa juu ili plaiwudi isichanike machoni. Seti za bei nafuu kutoka China huja na joistiki mbili, vitufe na kadi mbili za USB za kuviunganisha na kompyuta, ndani ya pakiti moja. Ukimwagiza wakala wa Kariakoo, mzigo utakufikia kwa basi. Kwa kuanzia zinafaa. Mwambie akutumie vipimo vya matundu kabla hujatoboa chochote, na aongeze vitufe vinne na swichi nne za akiba, maana kimoja kikifa katikati ya wiki hutakipata Kayanga.

Nyaya zisikutishe. Kila kitufe kina swichi ndogo yenye miguu miwili: mmoja unakwenda kwenye kadi, mwingine unaungana na wenzake wote kwa waya mmoja wa pamoja. Tumia vibano vya kuchomeka badala ya kulehemu kila mguu. Swichi za Sanwa huchukua vya milimita 2.8, za mtindo wa Happ na nyingi za China vya 4.8. Kitufe kikifa, unachomoa na kuchomeka. Sehemu chache zitahitaji lehemu, na hapo kuna jambo la kujivunia: sehemu kubwa ya waya wa lehemu wa kawaida ni bati, madini yanayochimbwa Kyerwa. Mchanganyiko wake una risasi pia, kwa hiyo fungua dirisha na unawe mikono kabla ya kula. Acha nyaya ziwe na urefu wa ziada wa kiganja kizima, na ubao uufunge kwa bawaba zilizokazwa kwa bolti ili uinuke, nawe ufanye kazi ndani bila kung'oa kitu.

Wenye kadi mbili za USB za aina moja nawaonya kuhusu umeme wetu. Kompyuta inayoendesha magemu ndani ya kabati inaziona kadi hizo kwa jina moja, na umeme ukikatika na kurudi inaweza kuzibadilisha: mchezaji wa kushoto anajikuta anamwendesha mtu wa kulia. Tafuta kadi moja inayobeba wachezaji wawili, au pangia programu itambue kadi kwa tundu ilimochomekwa, kisha uyawekee matundu alama ya rangi. Kabla ya kumkaribisha mteja, zima na kuwasha mara nyingi, uone kama pande zinabaki zilivyo.

Kwa wenye nia ya biashara, jihadhari pia na sura ya kabati. Watu wakiona sanduku lenye kioo na vitufe wanafikiri mashine ya kamari, na kamari ina sheria yake ya mwaka 2003 na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayoisimamia. Kabati la gemu linauza muda wa kucheza. Lisitoe sarafu, lisitoe zawadi ya fedha, na andika hivyo kwa herufi kubwa ubavuni. Nenda ofisi ya kijiji au ya kata ukaeleze mapema unachojenga, na saa za masomo watoto wa shule wasiingie. Mzazi akiona hayo atakuwa upande wako.

Na kama fedha haitoshi kwa yote, toa kwenye rangi, toa kwenye taa, kioo kiwe cha mtumba, lakini usipunguze upana wa ubao wala ubora wa joistiki. Nunua mbili zinazofanana, nzuri kadiri unavyoweza, na zote mbili zifungwe na fundi mmoja siku moja.